Taa ya Dagaa na Mita ya Chama



Mtu akisimama juu ya mawe ya Kirumba au ya Igombe katika usiku usio na mwezi, akautazama upande wa ziwa, huona mstari wa taa ulioenea kana kwamba kuna mji mwingine majini. Hizo ni taa za wavuvi wa dagaa. Samaki huyu mdogo, ambaye ng'ambo ya Kenya huitwa omena na ng'ambo ya Uganda mukene, hufuata mwanga. Wavuvi huziacha taa zao zikielea kwa muda. Wadudu na viumbe vidogo vya majini hukusanyika chini yake, dagaa huja, ndipo wavu hushushwa. Kwa hiyo taa katika kazi hii ni zana sawasawa na wavu wenyewe. Taa ikizimika saa nane za usiku, mtumbwi hurudi na kile ulichokwisha kupata, nao wavuvi wote waliomo hugawana hasara hiyo.

Kwa miaka mingi zana hiyo ilikuwa karabai. Wazee wa mialo wanaijua vizuri: tangi la shaba, pampu, kioo, na ile tambi ya kitambaa inayogeuka jivu na kuvunjika kwa kuguswa tu. Karabai kubwa huchoma lita moja ya mafuta ya taa kwa saa nane hadi kumi. Tufanye hesabu ya chama chenye mitumbwi 10, kila mtumbwi taa 4, na usiku 20 wa kazi kwa mwezi: ni lita 800 kila mwezi. Mwaka 2011 Serikali ilipandisha ushuru wa mafuta ya taa ili kukomesha uchakachuaji wa dizeli. Sababu ilikuwa nzuri. Lakini mvuvi wa dagaa, ambaye hakuwa amemchakachulia mtu dizeli yake, alijikuta akilipa pamoja na wenye makosa.

Katika miaka hiyo ndipo taa za umeme wa betri zilipoanza kuenea ziwani. Zilikuwa zimewezekana kwa sababu ya kazi iliyofanyika mbali sana na Mwanza. Wajapani watatu, Isamu Akasaki, Hiroshi Amano na Shuji Nakamura, ndio waliofanikiwa kutengeneza kijitaa cha LED chenye mwanga mkali wa buluu, na kutokana na buluu hiyo ukapatikana mwanga mweupe. Mwaka 2014 walipewa Tuzo ya Nobel ya Fizikia. Kijitaa chenyewe ni kidogo kuliko punje ya hindi, hakina tambi wala kioo cha kupasuka kwa tone la maji, na hutumia umeme kidogo kiasi cha kutosheka na betri ya pikipiki.

Kuna njia mbili za kuipata taa hiyo. Ya kwanza ni kununua iliyokwisha kutengenezwa kiwandani, ikiwa katika boksi lake. Ya pili ni kumwendea fundi wa mwaloni, au kijana wa nyumbani aliyejifunza mwenyewe kwa kufungua redio na simu mbovu, akaiunda: vijitaa vimepangwa juu ya kipande cha bati, vimefunikwa kwa chombo cha plastiki kinachopitisha mwanga, betri imewekwa ndani ya kidumu kilichokatwa, na vyote vimefungwa juu ya fremu ya mbao inayoelea. Mazungumzo haya yanaihusu hiyo ya pili, kwa kuwa ndiyo inayoleta ubishi mikutanoni. Wapo wanachama wasemao kwamba chama kisikopeshe hata shilingi kwa ajili ya taa za kuungaunga. Wapo wengine wasemao kwamba taa ya dukani ikiharibika haifunguliki, bali hutupwa, na ya fundi hutengenezeka siku hiyohiyo.

Yafaa ikumbukwe kwanza kwamba ufundi huu haukuanza jana. Koroboi, ambayo imemulika nyumba nyingi za Usukuma na Ukerewe, haikutoka kiwandani. Ilikatwa na wahunzi wa bati kutoka makopo matupu ya maziwa na ya mafuta. Baadaye zikaja redio za transista. Wakati wa kampeni ya Mtu ni Afya, mwaka 1973, watu wazima wapatao milioni mbili walikusanyika katika vikundi nchini kote kusikiliza vipindi vya redio na kujadiliana. Redio iliponyamaza, ilikuwa kazi ya fundi wa kijijini kuifufua, aghalabu kwa chuma cha kulehemu kilichopashwa moto juu ya mkaa. Mkono wa kijana anayelehemu taa ya dagaa leo umetokana na mkono huo.

Mkono basi hauna kasoro kubwa. Kinachoziua taa za nyumbani ni kutopima. Taa huundwa kwa macho: ikiwaka sana, inasifiwa, na kumbe kule kuwaka sana ndiko kunakoiua.

Jambo hili linahitaji kuelezwa kwa utulivu, maana katibu akilielewa ataweza kumhoji fundi yeyote. Kijitaa cheupe cha LED huhitaji takriban volti 3.2. Kikipewa pungufu kidogo hufifia. Kikizidishiwa kidogo tu, umeme upitao ndani yake huongezeka kwa kasi kubwa, hupata joto, na joto hilo nalo hukifanya kipitishe umeme zaidi. Wapo mafundi wanaofunga vijitaa vinne kwa mfululizo moja kwa moja kwenye betri ya volti 12, kwa hesabu kwamba nne mara 3.2 ni 12.8. Hesabu hiyo inaonekana sawa kwenye karatasi. Lakini betri iliyotoka tu kwenye chaji huwa na volti zaidi ya 13, na usiku baada ya usiku vijitaa huanza kuwa vya manjano, kisha hufa kimojakimoja.

Njia iliyo salama ni kufunga vijitaa vitatu kwa mfululizo, na kuweka rezista moja ya kubeba tofauti iliyobaki. Hapa ndipo inapoingia kanuni ya Georg Ohm, Mjerumani aliyeichapisha mwaka 1827: volti zilizobaki zigawanywe kwa ampea zinazotakiwa. Vijitaa vitatu huchukua 3 × 3.2, yaani volti 9.6. Betri iliyojaa na kutulia huwa na volti 12.7. Zinabaki volti 3.1. Ikiwa ni vijitaa vya nusu wati, ambavyo vitadumu vikipewa ampea 0.1, basi 3.1 ÷ 0.1 ni 31. Rezista ya omu 31 si rahisi kuipata madukani. Iliyo karibu nayo ni ya omu 33, ambayo hutambulikana kwa mistari yake ya rangi: chungwa, chungwa, nyeusi. Iwe ya nusu wati, kwa kuwa ile ndogo ya robo wati itaungua.

Mistari mitatu ya namna hiyo, yaani vijitaa tisa, hutumia jumla ya ampea 0.28. Kwa saa 10 za usiku ni ampea-saa 2.8. Betri ya ampea-saa 7 itakuwa imetumika kwa asilimia 40, na hicho ni kiasi kinachovumilika. Mvuvi akitaka mwanga mara mbili, lazima aongeze na betri. Hapa hapana njia ya mkato, ijapokuwa kila mwalo una mtu wake anayedai kuijua.

Betri ndiyo yenye gharama kubwa kuliko kitu kingine chochote ndani ya taa, nayo ndiyo inayotendewa vibaya zaidi. Betri ya risasi na asidi inayoonyesha volti 12.7 ikiwa imetulia, imejaa, ikionyesha 12.2, imefika nusu, ikionyesha 11.8, imekwisha, ingawa taa bado itawaka. Mvuvi anayeendelea kuitumia kwa kuwa anaona mwanga, kisha akairudisha mwaloni na kuiacha siku tatu bila chaji, anaifanya ijenge ukoko mgumu juu ya vibao vyake vya ndani. Ukoko ule hautoki. Betri ambayo ingedumu miaka miwili hufa katika miezi michache, na lawama humwangukia fundi aliyeunda taa.

Upo pia udanganyifu wa lebo. Betri huandikwa ampea-saa 7 na ndani yake hamna hata 4. Paneli ya sola huandikwa wati 20, na ukubwa wake hautofautiani na ya wati 10. Mwanachama aliyenunua kwa mkopo wa chama hulipa deni la wati 20 kwa paneli ya wati 10, na anaposhindwa kulipa, hasara ni ya wote.

Historia ya ushirika wa kanda hii inakwenda sambamba na jambo hilo. Mwanzoni mwa miaka ya 1950, wakulima wa pamba wa Kanda ya Ziwa waliamini kwamba wanapunjwa kwenye mizani za wanunuzi. Kabla hawajawa na viwanda vya kuchambua pamba, kabla hawajawa na malori, walianza kwa kuweka wapimaji wao wenyewe kwenye vituo vya kununulia. Kutokana na chanzo hicho vikaundwa vyama vya msingi, na mwaka 1955 likaandikishwa Shirikisho la Vyama vya Ushirika la Victoria, ambalo Paul Bomani alikuwa kiongozi wake mashuhuri. Yaliyofuata yanajulikana: jina likawa Nyanza, vyama vikuu vikavunjwa mwaka 1976, vikarudishwa kwa sheria ya mwaka 1982. Mizani ilitangulia yote hayo.

Katika biashara ya taa, mizani hiyo ni mita ya umeme. Mita ya kawaida ya namba, ambayo fundi yeyote wa simu anayo, huuzwa kwa bei iliyo chini ya betri moja mpya. Chama kinachokopesha taa bila kuwa na mita hakina tofauti na chama kinachonunua pamba kwa kukadiria kwa mkono.

Kupima paneli ni kazi ya dakika moja. Paneli iliyoandikwa wati 10 kwa ajili ya betri ya volti 12 ielekezwe kwenye jua kali la saa sita mchana. Waya mwekundu wa mita uhamishiwe kwenye tundu la ampea 10. Ncha mbili za mita ziguswe kwenye ncha mbili za paneli. Mita inapaswa kuonyesha karibu ampea 0.6. Ikionyesha 0.3, paneli hiyo ni ya wati 5, vyovyote lebo yake itakavyosema, na irudishwe dukani mbele ya mashahidi. Tahadhari kubwa: jambo hili hufanyika kwa paneli peke yake. Mita iliyowekwa kwenye ampea isiguswe kamwe moja kwa moja kwenye ncha za betri, kwa sababu umeme utakaopita utaiunguza mita na pengine na mkono wa mpimaji. Betri hupimwa kwa volti.

Kujua kama betri inabeba kile ilichoandikiwa huchukua muda zaidi. Katika kundi la betri zinazonunuliwa pamoja, ichaguliwe moja bila kumwachia muuzaji kuchagua. Ichajiwe hadi ijae, kisha ipewe mzigo unaojulikana. Betri halisi ya ampea-saa 7, ikibebeshwa ampea 0.35, hudumu takriban saa 20 hadi kufikia volti 10.5. Ikifika huko saa kumi na mbili tu zimepita, basi kundi lote lina mashaka. Ni kweli kwamba jaribio lenyewe huichosha betri hiyo moja, kwa hiyo irudishwe kwenye chaji mara tu linapokwisha. Na afadhali kuichosha moja kuliko kukopesha arobaini.

Wengine watauliza kama chama cha wavuvi au cha wakulima kina haja ya kuingia katika mambo haya ya mafundi. Upande wa Kenya, mwaka 2008, kampuni ya Ujerumani ya OSRAM ilifungua huko Mbita, kando ya ziwa hilihili, kituo cha kuchajia ambako mvuvi aliweka amana, akachukua taa na betri iliyojaa, na kuirudisha baada ya kazi. Wazo la kuitenga betri na mikono ya mtu mmojammoja lilikuwa la busara, kwa kuwa kituo ndicho kilichojua lini betri ichajiwe. Lakini kituo cha kampuni hukaa kwa kadiri kampuni inavyotaka kikae. Chama cha msingi kina ofisi, kina mhasibu, kina ghala, na hakina mahali pengine pa kwenda. Kazi ileile inaweza kufanywa na chama kwa paneli zilizo juu ya paa la ghala lake na fundi mmoja anayelipwa kwa kila betri anayoichaji.

Fundi huyo atoke wapi? Kwa kawaida yupo tayari mwaloni. Kinachohitajika ni kumwongezea elimu ya hesabu iliyoelezwa hapa. Mwanza ina SIDO, shirika lililoundwa mwaka 1973 kwa ajili ya viwanda vidogo, na ina chuo cha VETA kinachofundisha umeme. Kamati ya chama ikitenga sehemu ya fungu lake la elimu kwa ajili ya kijana mmoja na binti mmoja, itakuwa imefanya zaidi ya kununua taa ishirini. Binti ametajwa kwa makusudi. Sehemu kubwa ya kazi ya kuanika na kuuza dagaa hufanywa na wanawake, na wao ndio wanaobaki mwaloni mchana, wakati wa kuchaji, hali wavuvi wamelala.

Wakati wa kuagiza kazi, katibu asikubali taa isiyo na mambo haya: rezista katika kila mstari, fyuzi ya ampea moja kwenye waya mwekundu, karibu kabisa na betri, kidhibiti cha chaji kati ya paneli na betri, kile ambacho mafundi hukiita kontrola, na gundi ya silikoni katika kila tundu ambamo waya hupita. Kifuniko cha kidumu cha betri kifunguliwe wakati wa kuchaji, maana betri ya asidi hutoa hewa inayoweza kulipuka. Kabla ya kuongeza wati za taa kwa kila mtumbwi, afisa uvuvi aulizwe kanuni zinazotumika wakati huo.

Yapo maneno pia juu ya betri za lithiamu zitolewazo kwenye kompyuta mbovu. Vijana wanazipenda kwa kuwa ni nyepesi na mara nyingi ni za bure. Lakini seli ya lithiamu iliyochajiwa kupita volti 4.2, au iliyotobolewa, yaweza kuwaka moto usiozimika kwa urahisi. Mtumbwi ulio kilomita kadhaa kutoka nchi kavu si mahali pa kufanyia majaribio hayo. Anayetaka kujifunza nazo afanye hivyo mwaloni, akiwa na saketi ya ulinzi, mbali na nyavu.

Betri za risasi zilizokufa zirudi ofisini kwa idadi ileile iliyotoka. Asiachwe mtu kuzipasua ili kuyeyusha risasi yake kwa ajili ya vizito vya nyavu. Moshi wake na vumbi lake ni sumu, na watoto ndio wanaodhurika upesi zaidi, hata kwa kucheza tu penye majivu. Zikikusanyika za kutosha, chama kiziuze kwa mnunuzi mwenye kibali, na fedha hizo ziingie katika mfuko wa betri mpya.

Limebaki suala la daftari. Kila taa ipewe namba iliyopakwa rangi kwenye fremu yake, na kila namba ipewe ukurasa wake: tarehe ilipotolewa, jina la aliyeichukua, volti za betri ilipotoka, volti iliporudi, na matengenezo yaliyofanywa. Wakati wa kuikagua upo tayari katika kalenda ya uvuvi. Mwezi unapokuwa mpevu, dagaa hawaji kwenye taa, na mitumbwi hupandishwa mchangani kwa siku kadhaa. Taa zote ziletwe ghalani siku ya pili ya mapumziko hayo. Fundi afungue vifuniko, mhasibu akae na daftari, katibu ashike mita. Betri yoyote iliyochajiwa usiku kucha na asubuhi ikashindwa kutulia juu ya volti 12.4 itengwe, iandikwe, na mwenye nayo aelezwe siku hiyohiyo, kabla giza halijarudi na mtumbwi haujashushwa majini.